Na Mke Wake

Simu ilinikuta kwenye kituo cha basi, South End, Louisville, nikitoka kazini ghalani. "Dative, kaka yako ameanguka bafuni," alisema wifi yangu. Nikamwuliza amepelekwa hospitali gani. Akasema hawakumpeleka, alikuwa amekwisha kufa. Basi langu likaja, likafungua mlango, likaenda.

Kaka yetu Mirindi alikuwa na miaka hamsini na sita. Kule Uvira, Kongo, alikuwa karani wa ofisi ya ardhi, akijua mpaka wa kila kiwanja. Vita ikatutoa. Huku Marekani, mjini Buffalo, akapata kazi ya kuwaogesha wazee majumbani mwao. Hakulalamika. Alisema Yesu naye aliosha miguu.

Kesho yake nilipanda basi hadi Columbus. Mdogo wetu Manassé akanipokea kwa gari lake, tukaendelea kuelekea Buffalo. Tulikuwa tumechoka kulia. Baada ya mwendo mrefu akacheka kidogo.

"Unamkumbuka Ux?"

"Nitamsahau vipi?"

Mmoja wa wazee aliowaogesha Mirindi alikuwa Mama Tuohy, wa ukoo wa Kiairishi. Babu wa baba yake, Michael Tuohy, alitoka Ireland akanunua nyumba Buffalo. Mke wa huyo babu hakuna aliyelikumbuka jina lake, na Mama Tuohy, mwenye miaka tisini na moja, alitaka kulijua kabla hajafa. Mirindi akamwambia kazi ya kutafuta kwenye hati za ardhi amwachie yeye. Kila Jumatano, siku yake ya kupumzika, alikwenda ofisi ya kaunti kusoma madaftari ya zamani. Kwenye hati ya kwanza akakuta: Michael Tuohy et ux. Kwa Kifaransa chetu cha shule, et ni "na". Basi akatuandikia kwamba Tuohy alinunua pamoja na mtu aitwaye Ux. Alimtafuta Bwana Ux wiki tatu.

"Mimi nilimwambia ni Mpolandi," alisema Manassé. "Bon, akaandika kabisa kwenye daftari."

Karani mmoja ndiye aliyemweleza kuwa ni Kilatini kilichofupishwa: "na mke wake". Mirindi hakucheka. Alinipigia simu. "Donc amenunua nyumba, na jina hana. Sasa nitamtafuta akiwa mjane. Mjane akiuza, lazima aandikwe."

Nyumba ya Mirindi ya East Side tuliikuta imejaa watu. Siku ya pili Mama Tuohy aliletwa na mpwa wake. Alimshika wifi mkono, wakalia wote wawili. Kisha akasema kwa aibu, "Samahani kuuliza leo. Jumatano alipata kitu?"

Mirindi alikufa Alhamisi asubuhi. Wifi akaleta begi lake la kazi. Ndani mlikuwa na nakala ya hati ya mwaka 1889: Honora Tuohy, mjane wa Michael, ameuza. Chini, mahali pa sahihi, palikuwa na msalaba mdogo, kwa kuwa hakujua kuandika. Pembeni kaka ameandika kwa penseli: "Huyu hapa. Asante Yesu."

"Honora," alisema Mama Tuohy. Akarudia, polepole.

Jioni hiyo Manassé alileta karatasi za ibada ya mazishi kutoka kwa mchapaji, mia moja na ishirini. Nikasoma: ameacha mjane, na watoto Ombeni, Précieux na Kirezi.

"Nani ameandika hivi?"

"Wewe," Manassé akajibu. "Ulimsomea mchapaji kwa simu, tukiwa garini."

Wifi, tangu apate mtoto wa kwanza, tunamwita Mama Ombeni tu. Nikachukua kalamu.

"Acha, wifi," Mama Ombeni aliniambia. "Wote wananijua."

Niliandika kwenye kila karatasi, baada ya mjane: Jolie Nabintu. Za mwisho mwandiko ulikuwa mbaya.

Tulimzika Mirindi Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa tano asubuhi. Mchungaji Theogene alisoma Zaburi, kisha akasoma ile karatasi. Aliposema Jolie Nabintu, wifi aliinua kichwa, akasogea mbele, akatupa udongo wa kwanza. Ulikuwa umeganda kwa baridi, tukautupa mabonge mabonge. Tukaimba. Mama Tuohy alibaki garini, kioo kimeshushwa, mpaka tulipomaliza. Wafanyakazi wa makaburi wakafukia kwa mashine, nasi tukarudi nyumbani kula.