Mihogo Niliyoitoa mu Maji Mapema

Kosa ni langu, musimutafute muntu mwingine. Miaka zaidi ya makumi mbili nimeacha watu waamini uongo. Leo nasema yote, lakini jina langu muliache.

Nilikuwa bibi mukubwa, muke wa kwanza. Mume wetu alikuwa ameenda kule kijiji cha Kama kuchimba zahabu, vita ikafunga njia, akabaki huko. Hapa Kindu tukabaki mu parseli moja, kiwanja kimoja, mimi na muke mwenzangu. Watoto walimuita Mama Mudogo. Yeye hakuwa amezaa. Wangu walikuwa wawili, Saidi wa miaka kumi na tano na Asha wa kumi na tatu, umri ule wa kula bila kushiba.

Mashambani hatukuweza kufika, watu wa bunduki walizunguka mji. Tulikula mihogo mikali iliyokuwa nyuma ya nyumba. Munaijua ile: lazima ilale mu maji siku ine, ilainike, njo uianike na kuitwanga.

Sasa, yule mwanamuke alijua kupika! Inaniuma mpaka leo kuisema. Karanga za mukono mumoja alizitwanga, akazitia mu sombe, majani ya mihogo. Vichwa vya dagala, ambavyo mimi ningetupa, alivisaga vikawa mboga. Sufuria ndogo, lakini vijana saba wa ndugu na wa majirani walishiba. Na watoto wangu wakaacha sahani yangu, wakakimbilia kwake.

Siku moja Saidi akaniambia, bila ubaya, kwamba kwa Mama Mudogo kunanukia vizuri. Wee! Nilisikia moto mu kifua. Mimi niliyemuzaa, mimi niliyemunyonyesha!

Nikaamua chakula yangu iwe ya kwanza kuiva kila siku, watoto wasipate sababu ya kwenda kule. Tulikuwa tunalowesha mihogo mu mapipa mawili, yake na yangu. Yake ilikaa siku ine. Yangu nilianza kuitoa baada ya siku mbili, mara ingine kesho yake tu. Bugali ikawa na uchungu kidogo. Nikawaambia ni vita, wakule. Na nikawakataza kabisa sufuria ya Mama Mudogo.

Siku moja akanikuta pale pipani. Akasema kwa upole, kama kwa dada mukubwa:

"Yaya, hii mihogo bado kali. Uiache. Watoto wakule kwangu hizi siku mbili."

"Watoto wangu watakula kwa mama yao," nikamujibu. "Wewe uzae wako."

Akachukua ndoo yake, akaenda.

Wiki zikapita. Asubuhi moja Saidi akataka kusimama, miguu ikakataa. Ilikuwa imekauka kama miti. Tukamubeba mpaka lopitalo. Munganga akauliza mihogo tunailowesha siku ngapi. Nikasema siku ine. Sijui kama aliniamini. Akanivuta pembeni, akanieleza kwamba sumu ya mihogo njo iliyomukamata mutoto, na miguu ile haitapona tena.

Nyumbani ukoo walikuwa wameshapata jibu yao. Mama Mudogo hana mutoto, basi ameroga wa mwenzake. Wakanigeukia mimi, niseme neno. Nikanyamaza. Na kwa sababu nimeamua kusema yote, niseme na hii: nilifurahi. Wakamufukuza, akapita njia za pori mpaka kwao, kijiji cha Tunda, na mufuko mumoja juu ya kichwa.

Toka siku ile Saidi anatembea na fimbo mbili. Leo ana watoto wake, vijana wenye njaa, na mimi njo ninawapikia. Mwaka huu tukapata habari kwamba Mama Mudogo amekufa. Saidi akasema marehemu asamehewe, hata kama alimukula yeye miguu kwa uchawi. Nikakaa chini, nikamuambia kila kitu, na uongo wangu wa lopitalo, na maneno ya pale pipani.

Hakulia, hakunitukana. Alitazama miguu yake.

"Asha alikuwa anakudanganya, Mama," akasema. "Kila siku alipita nyuma ya nyumba, akakula kwa Mama Mudogo. Mimi peke yangu njo nilikutii."

Aye, wamama wenzangu! Asha anatembea, ana nguvu, anauza vitu mu soko. Na yule muntu wa kuombwa samahani iko mu udongo wa Tunda, sikumufikia.

Mutoto wako akishiba mu sufuria ya mwenzako, uoshe ile sufuria na umurudishie na asante. Mihogo mikali uiachie siku zake zote, hata njaa ipige kelele namna gani. Na wivu wako uukule wewe mwenyewe, usiwapakulie watoto.