Siku Mama Zaina Alipomkinga Kinyonga

Enzi zetu pale Makongeni, Thika, tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka magoti yakawa mekundu kwa vumbi, kisha tukaingia vichakani kutafuta nathi, yale matunda madogo ya manjano yenye ganda kama karatasi. Siku moja, nikiwa darasa la nne, rafiki yangu Wambui akapiga kelele. "Kinyonga! Yuko pale kwenye ua wa miiba ya kayaba!"

Nyumbani tulikuwa tumeambiwa akikugusa utapata mikosi. Tukaokota mawe. La Wambui lilimkosa kidogo tu. Nilikuwa nimeinua langu niliposikia, "Weka chini!"

Alikuwa Mama Zaina, jirani aliyetuuzia mahamri kila asubuhi. Alizaliwa Madagaska, akaletwa Thika na ndoa. Alisimama mbele ya ua, mikono imejaa unga.

"Kwetu huyu hata hanyooshewi kidole. Mkitaka kumpiga, anzeni na mimi."

Nani angethubutu? Tukaketi. Akatuambia kisiwa chao kina vinyonga wakubwa kama paka, na wengine wanaoenea juu ya ukucha. Kuna komba wenye mikia ya mistari, na mti wenye majani yaliyopangwa kama upepeo; ukiutoboa, maji yanatoka.

"Mama Zaina, hiyo ni uongo!" Wambui akasema.

Akacheka, akaingia ndani, akarudi na ganda la vanila alilotumiwa na dada yake. Tukanusa kwa zamu. Mimi nikaamini kila kitu.

Kisha akaniwekea kinyonga mkononi. Nililia kwa woga, lakini sikumwangusha. Vidole vyake vilinishika kama vya mtoto mchanga. Nikamrudisha kwenye ua mwenyewe.

Mama yangu aliposikia, alinisugua mikono kwa sabuni ya kipande. "Njeri, wewe utanimaliza!" Mikosi haikuja. Jumamosi nilimkuta mama kwa Mama Zaina, kikombe cha chai mkononi, akiuliza habari za ule mti wa maji.

Siku hizi naishi Ruiru, ndani ya ukuta wa mawe. Mwanangu amewaona wanyama wote wa Madagaska kwenye simu, lakini panzi akiingia jikoni, anapanda juu ya kiti. Namcheka, kisha Jumapili nateremka naye mtoni. Juzi alilalamika huko hakuna netiwaki. Nikamwambia avue viatu, aingie majini.

Enzi zetu sisi hatukungoja kuambiwa.