Shubiri na Mlango wa Chumba cha Baridi

Sokoni walimwita Shubiri, naye aliitika bila kununa. Shubiri ni dawa, alisema, tena yeye alikuwa amemezeshwa nyingi kuliko wote waliomcheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono mikubwa, na kazi yake ilikuwa kuuza nyanya. Shule aliijua kwa nje tu, kwa kupita mbele yake na ndoo kichwani. Ulimi wake ulijulikana mpaka kwa wauza samaki wa upande wa pili. Mteja akiziminyaminya nyanya zake asinunue, alimwambia, "Baba, hizo ni nyanya, si mashavu ya mtoto wako. Lipa kwanza, utazibembeleza nyumbani."

Lakini kila siku jua lilipoanza kushuka, ulimi ule uliingia ndani kama kichwa cha kobe. Hiyo ndiyo saa aliyokuja Machweo.

Machweo alikuwa mlanguzi. Mchana humwoni. Jua likigusa mapaa, pikapu yake ilirudi kinyumenyume mpaka mbele ya meza za nyanya, naye akashuka taratibu, akijipepea kwa kofia. Alijua kwamba nyanya iliyoiva haimngoji mtu, na kwamba wanawake wale hawakuwa na mahali pa kuzilaza. Ukizilaza chini ya turubai, joto linazipika zenyewe. Asubuhi unakuta mchuzi wenye nzi. Basi alipita meza kwa meza na bei yake ya jioni, bei ya kumtupia ombaomba.

"Chukueni au mzike," alisema. "Kaburi mtachimba wenyewe."

Wakachukua. Kesho yake asubuhi nyanya zile zile zilikuwa zimeshafika mahotelini, zikiuzwa kwa bei ya binadamu.

Na Machweo huyu ndiye aliyekuwa mume wa Shubiri.

Mambo yao yalikuwa hivi. Shubiri alirithi kwa mama yake kipande cha shamba kando ya kijito, udongo mweusi unaonata kidoleni. Siku moja mume akaja mbio, jasho linamtiririka: mnunuzi amepatikana, ana fedha nyingi, lakini anaondoka sasa hivi, tukichelewa tumekosa, fanya haraka mke wangu, tutanunua kubwa zaidi. Shubiri alikuwa anaosha mtoto. Hakupata hata nafasi ya kujifuta povu. Aliuza. Mnunuzi kumbe alikuwa binamu wa mume, hakuwa anaondoka kwenda popote, na kabla mavuno hayajafika mume alikwisha jenga pale pale kijitoni na kuweka mke mwingine. Shubiri akatoka na watoto na sufuria. Tangu hapo alinunua nyanya kwa wakulima, zikiwemo zilizoota kwenye udongo wa mama yake, na jioni akamuuzia zilizobaki yule yule aliyemnyang'anya udongo. Aliyesema dunia duara hakukosea. Ila hakusema kwamba wengine huzungushwa chini yake.

Ndipo zikaja habari za ruzuku.

Watu wa mradi walifika na viti vyao vya kukunja, wakawauliza wafanyabiashara wadogo ni nini kinachowakwamisha. Wakaeleza kwamba kuna fedha za msaada, si mkopo, za kuboresha mazingira ya biashara.

"Mazingira?" akauliza muuza kabichi, jirani yake Shubiri, mwanamke mnene mcheshi. "Ina maana mtatupandia miti?"

Watu wakacheka. Wengi walidhani kila mmoja atapewa chake mkononi. Walipoambiwa kwamba hakuna atakayepewa fedha, kwamba soko zima litajengewa chumba kimoja cha baridi cha kulaza mazao, kwa ada ndogo kwa kila kreti, nusu ya mkutano ikainuka na kupangusa makalio.

"Tumeomba mkate, tumepewa kabati," Shubiri alisema, naye akaenda zake.

Chumba kilijengwa nyuma ya machinjio. Kilikuwa cheupe, hakina dirisha hata moja, na mlango wake ulikuwa mnene kama godoro. Juu ya paa walipanga mabamba meusi yanayong'aa, yakilitazama jua. Aliyekabidhiwa kazi ya kukitunza alikuwa binti fundi, mwembamba, mwenye bisibisi nyuma ya sikio kama kalamu ya karani. Siku ya kwanza aliwaita wanawake waingie waone.

Shubiri aliingia kwa shingo upande, mikono imefungwa kifuani, tayari kudharau. Nje jua lilikuwa linachoma visigino. Alipiga hatua moja ndani, akasimama.

Hakuwahi kuijua baridi ya namna ile. Baridi ya alfajiri ina upepo, ina umande, unajua imetoka wapi. Hii haikutoka popote. Ilikuwa imesimama tu, kimya, kama mtu mzima aliyekuwa akimngoja. Vinyweleo vikamsimama. Akafungua kinywa aseme neno, na badala ya neno akaona moshi mwepesi unamtoka.

"Mwanangu," akamwambia fundi, kwa sauti ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia, "naungua ndani?"

"Hapana, mama. Ni pumzi yako tu. Kila siku unaitoa, ila leo ndiyo umeiona."

"Na baridi hii inatoka wapi?"

"Kwenye jua."

Shubiri akamtazama kuona kama anadhihakiwa. Binti akamshika mkono, akauweka ukutani. Akamweleza kwamba mabamba ya juu yanakula jua mchana kutwa na kuendesha mashine, na mashine inagandisha maji yaliyofichwa ndani ya kuta. Jua likizama mashine inapumzika, lakini barafu inabaki ukutani ikilinda chumba mpaka kesho. Sharti ni moja tu: mlango usifunguliwe ovyo.

Shubiri hakuondoa kiganja. Jua! Lile lile lililomlia nyanya tangu ana meno yote, lililomtia mikononi mwa Machweo kila jioni, ndilo hili lililogeuzwa likawa baridi. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini yeye alidhani ni maneno ya kutiana moyo. Alitoka nje akayatazama yale mabamba kwa muda, mkono juu ya macho, kama mtu anayemtafuta ndege.

Siku hiyo soko lilikuwa baya. Nyanya zilikuwa nyingi, wanunuzi wachache. Shubiri alikuwa amechukua mzigo mkubwa kwa mkulima kwa mali kauli, na mkulima hangetoa mwingine bila kulipwa. Zikioza, hana meza. Jua lilipoinama alijikuta amesimama na kreti zake zikiwa karibu zote zimejaa. Akamtazama muuza kabichi. Muuza kabichi akamtazama yeye.

"Twende?" akauliza jirani.

"Twende. Kama ni kuzika, leo tuzike kwenye kaburi la kisasa."

Wakazibeba, na wenzao wakafuata. Fundi akazipanga kreti, akafunga mlango. Pikapu ilipofika, Machweo alikuta meza tupu. Aliegemea gari lake, akajipepea.

Jua likazama. Na mara, kule kwenye chumba cheupe, ule mvumo wa mashine uliokuwa ukisikika tangu asubuhi ukakoroma, ukakohoa, ukanyamaza.

Soko zima lilisikia ukimya ule.

"Imekufa!" Machweo akapaza sauti. Kofia ilikuwa kichwani sasa. "Wanawake, mashine imekufa! Nyanya zenu zimefungiwa kwenye tanuri! Zitoeni haraka, nitawasaidia, nitanunua zote, lakini sasa hivi, gari linaondoka!"

Wanawake wakaruka. Fundi alijibandika mlangoni, mikono ameitandaza. "Mama zangu, haijafa! Jua limezama, imepumzika! Niliwaeleza, baridi iko ukutani. Mkifungua kila mtu atoe chake, itatoka yote!"

"Mtoto wa juzi huyo," Machweo akasema. "Zikioza atalipa na nini, na hiyo bisibisi? Haraka, mama watoto, wewe una akili, waambie wenzako. Haraka!"

Alikuwa anamwambia Shubiri. Wote wakamgeukia. Mzigo wake ndio uliokuwa mkubwa kuliko wa wote; akifungua yeye, watafungua wote.

Kuhusu mitambo hakujua lolote, na kusema kweli hakumwamini yule binti pia. Alikwisha acha kuamini watu. Lakini Machweo alimjua. Alimjua jinsi mtu anavyolijua jino linalomuuma. Akamtazama yale macho, jasho lile kwenye paji la uso, na mguu usiotulia. Mtu huyu kila jioni hushuka taratibu akijipepea, kwa sababu muda ulikuwa wake. Leo anakimbilia nini? Kama nyanya zimo tanurini, si angekaa tu, azingoje zilainike, azipate bure?

Akaenda mpaka mlangoni. Muuza kabichi akadhani anakwenda kufungua. Shubiri akageuka, akauegemeza mgongo wake kwenye mlango, kando ya fundi.

"Bwana," alisema, "gari lako si linaondoka? Safari njema."

Muuza kabichi akaangua kicheko, mwili wote ukitikisika, akajongea naye akaweka mgongo. Akaja wa vitunguu. Akaja wa pilipili. Machweo alipaza sauti, akabembeleza, akapandisha bei, na kila alipoipandisha wanawake walitazamana, maana hakuna aliyewahi kuisikia bei hiyo ikitamkwa wakati jua limezama. Mwishowe pikapu iliondoka na taa zake, haina kitu.

Shubiri hakusinzia. Alfajiri alikuwa wa kwanza pale mlangoni, midomo imekauka. Wenzake walikuja mmoja mmoja, hawasalimiani sawasawa. Fundi alivuta komeo.

Baridi iliwatokea usoni, ile ile ya jana.

Kreti zilikuwa zimekaa mahali pake. Nyanya zilikuwa nyekundu, ngumu, ngozi imekaza, na ukungu mwembamba wa maji umezifunika, kama zimechumwa dakika ile na mtu asiyeonekana. Usiku mzima ulikuwa umepita juu yake bila kuzigusa hata moja. Mwanamke mmoja alivua kandambili zake mlangoni, na waliomfuata wakafanya vivyo hivyo, bila kuambiwa. Huko nje wapishi wa hoteli walikwisha anza kuulizana, maana pikapu ya nyanya haikuwafikia.

Shubiri aliinama akachukua nyanya moja, kubwa, isiyo na doa. Katika maisha yake yote ya kuuza nyanya alikuwa akila zilizopasuka tu. Nzima ni za wateja. Akaifuta kwenye kanga, akaing'ata. Maji baridi yakamtiririka kidevuni mpaka shingoni. Akafumba macho.

"Unalia, dada?" muuza kabichi akamnong'oneza.

"Meno," alisema Shubiri. "Ni ya baridi sana."

Akaila yote, pamoja na kikonyo.