Jiwe la Lwaboshi Kwenye Hesabu ya Vichwa

Vita ya Kongo ilikuwa imeingia mwaka wa tatu, na Lwaboshi wa Fizi, mkimbizi nchini Malawi, alikuwa mchora mistari ya uwanja wa mpira. Kule Nsungwi, pembeni ya Lilongwe, kuna kastade, kauwanja kadogo ka timu za daraja la chini: uzio wa mabati, benchi za mbao, basi. Kila Jumamosi Lwaboshi aliinama pale na ndoo ya chokaa. Mistari yake ilinyooka hata mchwa wakaogopa kuikata. Walizunguka nyuma ya goli. Anayebisha akawaulize mchwa.

Sasa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, alikoishi na mke wake Annuarite na batoto bane, ikatangaza hesabu ya vichwa kwenye uwanja wa mpira wa kambini. Aliyehesabiwa anachovya kidole gumba kwenye wino. Asiye na wino anafutwa kwenye karte ya unga, kadi ya mgao, na polisi wakimkamata njiani hana la kuonyesha.

Ilikuwa Jumamosi. Na Nsungwi kulikuwa na fainali.

"Mama Josué, utaniwekea jibwe kwenye mustari," Lwaboshi alimwambia mke wake.

"Jibwe? Kwa kuhesabu bantu?"

"Kwa maji tunaweka. Kwa unga tunaweka. Nani ashaiba nafasi ya jibwe yangu?"

Hapo hakudanganya. Dzaleka nzima jiwe kwenye foleni ni mtu, tena linaheshimiwa kuliko pasta.

Lwaboshi akachora mbio, akapanda minibasi, kisha kabaza, baisikeli ya kubeba abiria, ikapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa. Alipofika Dzaleka, uwanja ulikuwa umezungushiwa kamba tangu alfajiri. Haingii mtu. Hatua kumi na mbili mbele yake, Annuarite alikuwa amefika kwenye meza.

"Bwana yako?" aliuliza karani, kijana wa Bukavu aliyesoma.

Annuarite akaonyesha chini. "Huyu."

"Mama, hii ni jibwe."

"Njo nafasi yake. Uliza bantu!"

"Njo ya Lwaboshi!" foleni yote ikashuhudia kwamba ndiyo yake. Mzee Épitace aliyekuwa nyuma ya Annuarite akaapa kwa mkono juu.

Karani hakucheka. "Mama, jibwe haina kidole. Wino nitatia wapi?"

"Niko hapa!" Lwaboshi alipiga kelele. "Kidole njo hii!" Akanyoosha mkono juu ya kamba mpaka bega likalia.

"Nakuona, baba. Lakini nikikuita weye, na bale je?"

Lwaboshi akageuka. Nyuma yake watu kama arobaini walikuwa wamenyoosha mikono.

"Pepani, bambo," askari aliyelinda kamba alimwomba radhi kwa Kichewa, akamrudisha nyuma taratibu.

Karani akaandika watano. Annuarite akatoka na batoto, akamtazama mumewe. Kelly, kitinda mimba, akashika gumba la baba yake, akaligandamiza na lake lenye wino wa zambarau. Wakatazama. Wino ulikuwa umeshakauka.

Kelly akatema mate kidoleni, akasugua tena.