Club ilizaliwa kwangu Cimpunda, leo banakuja kulomba kibao tu

Admin, ficha jina yangu, hata kama hapa Cimpunda, mu Bukavu, nikikohoa tu kila mutu anajua ni nani. Miye ni baba wa miaka makumi tano na kidogo, bibi iko, batoto beko, parcelle iko na nyumba ndani. Masomo niliachaka mu sixième primaire, lakini dunia ilinimalizia. Nilikaaka Shabunda mu machimbo, na kule nilitosha jiwe ya dahabu kubwa sawa kichwa ya mbuzi, mpaka chef wa machimbo akavua kofia. Ilienda wapi, hiyo ni kisa ingine. Nasema hivi mujue kama miye si mutu wa kuchekelewa.

Mutoto wa dada yangu, tumuite Neema, nilimulea miye tangu mama yake afe. Wakati alifika université, siku moja akakuja na benzake, mvua imebalowesha, akasema: "Tonton, tunaanzisha club ya entrepreneuriat. Hatuna fasi."

Nikauliza hiyo entrepreneuriat ni ugonjwa gani.

"Ni kujitafutia kazi mwenyewe, tonton, bila kungojea mushahara ya serikali."

"Basi mumefika kwa professeur! Serikali haijanilipa hata siku moja na niko nakula."

Nikabapa nyumba ya nyuma, ile mama yangu alilalaka mbele ya kufa. Nikabaonyesha savon ya kufulia, ginsi mama alipikaka: mafuta ya mawese na majivu ya maganda ya ndizi. Savon ya kwanza ya club ilitoka mu sufuria ya mama yangu. Ilikuwa kali, jirani alifua nayo shati nyeusi, akaanika nyeupe. Kutoka pale club ikakomaa. Banafunzi bengine bakakuja, hawa na jus ya matunda ya maracuja, hawa na unga ya soya, parcelle yangu ikajaa kelele na miye nikafurahi sawa nimezaa tena.

Njo siku moja bakagongomea kibao ku mulango ya inje: INCUBATEUR. Nikauliza Neema maana yake. Alikuwa na haraka, akanijibu: "Ni sawa couveuse, tonton. Ile inapashaka mayai moto mpaka batoto banatoka." Akaenda zake.

Sasa nyinyi bote munasoma hapa, mungeelewa nini? Bamaman ba quartier bakaniuliza, nikabajibu vile niliambiwa: ndiyo, couveuse iko hapa, ya université. Kesho yake maman mumoja akaleta mayai ya bata mu kitunga. Nitamurudisha? Miye mashini haijawahi kunishinda, hata ile sijaona. Nikatafuta karto, nikatia maranda ya mbao ya menuisier, na taa pembeni, nikawa nageuza yale mayai asubuhi na jioni sawa mama-bata mwenyewe. Yote ilipasuka! Kabata kamoja kalitoka kananiangalia sawa kananijua. Nyuma ya pale, mayai ilikuwa inafika kutoka mpaka Kadutu yote.

Mukosi ikaingia siku bageni ba club bakafika na masuti kuangalia incubateur. Neema alikuwa bado anatafuta viti. Mukubwa wabo akaniuliza: "Papa, mu hii incubateur mulisha kutosha bangapi?"

Nikamujibu na heshima yote: "Bengi, patron! Bengine balikufia ndani juu ya baridi. Lakini bale balitoka bazima, bamaman balisha kubauzisha ku soko."

Bakachungulia ndani. Halafu mumoja akaona karto za mayai, na bote bakacheka mpaka mukubwa akatosha malunette ku macho kujipangusa machozi. Njo pale nikaelewa: incubateur yabo ni ya kulea biashara ya banafunzi, si ya mayai. Neema akaangalia chini. Haikupita mingi, club ikahamia Muhumba, quartier ya batajiri, mu nyumba ya carreaux inangaa. Kibao ikabaki juu musumari ilishika kutu, na hakuna mutu alirudi kuniambia hata aksanti.

Sasa iko fête ya club, ya kukumbuka siku ilizaliwa. Dimanche, nyuma ya misa, Neema akakuja, yee njo présidente wa club sasa, na kijana mumoja wa koti. "Tonton, tunaandika histoire ya club. Tunalomba kibao, tuitundike mu salle. Na ukuje uhadisie ile ya bata, batu bacheke."

"Na mwanzo mumeandika ginsi gani?"

Yule kijana akasoma mu telefone: club ilizaliwa "mu quartier populaire", na nguvu ya banafunzi.

"Hiyo quartier haina jina? Haikuwa na nyumba? Haikuwa na mutu?"

"Papa, histoire inafaa ikuwe fupi."

"Fupi, lakini bata ilipata fasi!"

Kijana akatoka inje. Neema akabaki, akasema pole pole: "Tonton, nikisema tulianza na majivu ya ndizi, bale ba masuti banaona sawa tunacheza. Lakini usikose. Siku ile kila mutu atasimama na muzazi wake. Miye nitasimama na nani?"

Tangu pale sina usingizi. Nikienda, mutoto wangu atakuwa na muzazi pembeni yake, na miye nitakuwa Papa Bata mbele ya Bukavu yote. Nikikatala, ataitwa mbele peke yake sawa hana kwabo, na miye njo kwabo. Na kibao, nikiipeleka kule, hapa itabaki alama gani kama ile club kubwa ilipikiwa mu sufuria ya mama yangu?

Nimesimama hapa mulangoni na marteau ya kutosha musumari mu mukono. Na wakati naandika, maman mumoja amefika na mayai mu kitenge, anauliza: "Papa, incubateur njo hapa?"

Ndugu zangu, munisaidie akili: nimujibu nini? Na Neema nimujibu nini?