Nukta ya Kapembwa

Kwa miaka kumi na tisa Olipa hakuhitaji saa. Mumewe, Kapembwa, aliondoka asubuhi na kapu la samaki nyuma ya baiskeli, akawauza mjini Nchelenge, na jua lilipoanza kuegemea upande wa ziwa alirudi kwa barabara ya Kashikishi. Kwenye kona iliyo karibu na nyumba yao alipiga kengele mara tatu. Hapo Olipa aliinjika maji ya ugali, na mumewe alipofika uani, maji yalikuwa yameanza kuimba.

Mwezi wa Agosti 1955 kengele ililia mara moja tu. Lori la samaki, lililokuwa likikimbilia migodini kabla barafu haijayeyuka, lilikata kona kwa upande usio wake. Kapembwa aliishi siku tatu na mbavu zilizovunjika. Siku ya tatu akashikwa na homa, akafa. Basi katika kitabu cha vifo pakaandikwa neno moja: homa. Homa! Kana kwamba homa ina magurudumu na honi.

Madereva wa barabara ile walikuwa na desturi yao. Gari likiharibika, walivunja matawi mabichi na kuyalaza njiani, mbele na nyuma ya gari, ili anayekuja apunguze mwendo. Baada ya matanga Olipa aliichukua desturi hiyo ikawa yake. Kila alfajiri alilaza matawi pande zote mbili za kona. Malori yakapunguza mwendo. Madereva wakachungulia wakitafuta gari bovu, wakamwona mjane ameketi kando ya njia, anamenya mihogo.

"Ba Olipa!" Fanwell, dereva aliyewapita wenzake wote kwa mdomo, alimpigia kelele kwa neno la heshima la kwao. "Gari yako yenye kufa iko wapi? Umeipika?"

"Iko kaburini. Pita polepole, usiiamushe."

Fanwell hakucheka. Tangu siku ile, kila alipotoka safari, alimshushia fungu la matawi mapya.

Mwaka uliofuata wakubwa wa mji walitangaza mpango: ndani ya miaka mitano asiwepo mtu wa kuuawa wala kulemazwa na gari katika barabara za Nchelenge. Karani aitwaye Chileshe alitandika ramani juu ya meza sokoni, akawaita watu waitazame. Kila aliyeuawa barabarani alikuwa nukta nyekundu. Penye nukta pangewekwa kibao, tuta, na njia ya kando kwa waendao kwa miguu na wenye baiskeli. Pasipo na nukta pangebaki vilevile, na ramani ilikuwa inaondoka alasiri hiyo hiyo.

Olipa aliomba aonyeshwe kona yake. Ilikuwa nyeupe, safi kama sahani iliyooshwa.

"Bwana yangu haiko hapa," alisema.

Chileshe akafunua kitabu. "Mama, bwana yako alikufa na homa. Ile haiko mambo ya barabara."

"Na ile homa, nani alikuwa anaiendesha?"

Soko likaangua kicheko. Fanwell akajipenyeza mpaka mezani. "Bwana karani, mimi ni shahidi. Ile kona ni mubaya sana. Sisi wote tunapita polepole juu ya majani ya huyu mama. Tangu aanze kuyaweka, hakuna mutu amegongwa pale."

"Umesikia?" Chileshe aliinua kalamu kwa furaha. "Hakuna mutu amegongwa. Basi kona ni muzuri."

Hivyo ndivyo hesabu za ofisi zilivyomgeuka mwanamke yule. Aliyekufa hakuhesabiwa kwa sababu alichelewa kufa, na aliowaokoa hawakuhesabiwa kwa sababu hawakufa.

Olipa hakujua kuandika. Alijua jambo moja tu la ofisi: kila zilipomtaka akubali kitu, zilimtaka kidole gumba. Kisahani cha wino kilikuwa wazi mezani. Alibonyeza humo kidole gumba, akakibandika juu ya kona. Alikusudia nukta. Lakini gumba la mtu aliyepasua samaki maisha yake yote halitoi nukta. Lilifunika kona, likafunika shule na soko, likachovya ukingo wake ziwani.

"Mama! Umeharibu ramani! Sina ingine!"

"Ile ni sahihi yangu, mutoto wangu. Siku zote munaikubali. Leo munaikatala juu ya nini?"

"Sasa hata mitumbwi itapita polepole," Fanwell akasema.

Chileshe aliutazama wino mpaka ukakauka. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akauliza kwa sauti ya chini, "Bwana yako alikuwa anaitwa nani?"

Kabla ya mvua, vibao vilisimikwa shuleni, sokoni na kwenye kona, na kando ya barabara ikachongwa njia ya baiskeli. Olipa akaacha kulaza matawi. Malori sasa hupita taratibu, kimya kiasi kwamba uani kwake husikika kila kengele ya kila mwanamume anayerudi kwake.

Mara chache mmoja wao hupiga mara tatu. Olipa anajua si Kapembwa. Anajua kabisa, na anapokumbuka kwamba anajua, maji yako tayari motoni.