Swali la Viatu

Mdogo wangu ni mtu wa kukera. Sisemi kwa hasira ya leo tu. Namfahamu tangu anatambaa, na hata wakati ule alikuwa akilia ukimwekea kijiko upande asioutaka. Sasa ana miaka arobaini, ana kitambi kidogo na cheo kidogo, na vyote viwili anavitunza. Ni karani wa masjala, dirisha namba tatu. Watu hufika pale na fomu mkononi na kuondoka na fomu ileile mkononi, kwa sababu muhuri umegusa mstari au wino umekolea kuliko inavyotakiwa. Wenzake wanamwita Bwana Pambizo, maana kitu cha kwanza anachokitazama kwenye karatasi ya mtu si jina lake wala shida iliyomleta, ni nafasi iliyoachwa pembeni. Anaipima kwa rula. Rula yenyewe ameiandika jina lake, kana kwamba kuna mwizi anayeitamani.

Mimi napiga pasi katika duka la dobi, na mashati yake yote yanapita mikononi mwangu. Mtu mwingine angesema ahsante dada. Yeye hunirudishia shati limebanwa kikaratasi kwa pini: mkunjo wa pili, mkono wa kushoto, rekebisha. Vikaratasi hivyo ninavyo boksi zima. Navitunza kwa sababu kuna siku nitamtafunisha kimoja kimoja.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa uwanja wake mwenyewe, asiye na bosi juu yake, atafanya nini kama si kuweka kanuni? Miaka tisa iliyopita alifungua hifadhi mtandaoni, ya makala za watu wanaopenda gemu za video. Anayetaka kueleza kwa nini gemu fulani ilimgusa anaandika, anatuma, na makala ikikubaliwa inapewa namba na kukaa pale isomwe na yeyote. Wazo zuri, sikatai. Watu wasiojuana wanamtumia kutoka kila upande. Ila kabla hujaifikia hata makala moja, unakutana na kanuni ishirini na tatu, na aliyeziandika ni yuleyule wa vikaratasi.

Pambizo sentimita mbili na nusu. Jina la faili herufi ndogo tupu. Usianze sentensi kwa neno "mimi". Usieleze ulikuwa unakula nini wakati unacheza, hakuna aliyekuuliza. Ndivyo alivyoandika, sijamsingizia. Anayetoboa mwisho wa gemu bila kuonya kwenye mstari wa kwanza, makala yake hutupwa bila kusomwa zaidi. Kanuni ya kumi na moja ameiwekea herufi nzito: mwandishi awe amemaliza gemu yote, kwa mkono wake mwenyewe, bila kusaidiwa. Ili asidanganywe, kila gemu ameitungia swali ambalo, kwa hesabu zake, aliyefika mwisho peke yake ndiye atakayelijibu. Halafu kuna ile ya ishirini: makala iliyokataliwa mara tatu haipokelewi tena maisha. Na kwa kuwa roho yake hairidhiki kumkataa mtu faraghani, ameweka ukurasa mzima wa waliokataliwa, jina na kosa, nje nje.

Jina langu limo kwenye ukurasa huo mara mbili. Kosa la kwanza, pambizo. La pili ameandika: hajamaliza gemu.

Nilipolisoma hilo nilizima pasi, nikakaa chini. Katika nyumba yetu mtu pekee aliyewahi kumaliza gemu ile ni mimi. Na anayelijua hilo kuliko binadamu yeyote ni yeye.

Gemu inaitwa Lango la Saba. Mashine alituletea mjomba, ilishatumika na mtu mwingine, kifuniko chake kimebandikwa gundi. Ndani ya gemu kuna mlinzi mzee anayebeba taa. Anatakiwa avuke malango saba ili akamkabidhi taa mlinzi wa zamu inayofuata. Mdogo wangu aliipenda hadi anaiota, lakini vidole vyake vilikuwa vizito kama mihogo. Kila siku alifia lango la tatu, penye mbwa wawili, akatupa rimoti, akalia. Mama alikuwa anatoka kwenda kazini bado giza, na nyumba nzima, pamoja na huyo mliaji, iko mikononi mwangu. Nilikuwa nikitia maji jikoni, nakuja namvusha lango, narudi kugeuza sufuria. Yeye anakaa pembeni na daftari, anaandika anachokiona. Daftari lile tayari lilikuwa na pambizo zimepigwa kwa rula.

Nilimaliza mchana mmoja, niko peke yangu. Nilipofika lango la saba hapakuwa na mtu. Mlinzi wa kupokea zamu hayupo. Mzee akaweka taa chini, akasimama. Basi. Hakuna muziki, hakuna maandishi, gemu haiishi. Anasimama tu anapumua mpaka uzime wewe mwenyewe. Nilimngojea mpaka sufuria ikaungua. Nilikuwa na miaka kumi na nne, na kila siku tangu alfajiri niko kwenye zamu isiyo na wa kuipokea, kwa hiyo sikuhitaji kufafanuliwa nilichokuwa nakiona. Nikazima. Nikalia kidogo, nikajifuta, nikaenda kusugua ukoko.

Hapo ndipo akaingia yeye, ametoka mpirani. Miguuni amevaa viatu vyangu vya shule, vipya, vile nilivyokuwa navifuta kwa kitambaa kila jioni, na tope la uwanja wote liko juu yake. Hakusema samahani. Aliona mashine bado ya moto, akauliza mwisho wake ukoje, mlinzi anafanya nini. Nikatazama vile viatu, nikamjibu: "Anavua viatu." Nilichomaanisha ni kwamba avue vyangu kabla sijamng'oa meno. Yeye akafungua daftari, akaandika.

Daftari lile ndilo lililozaa makala namba moja ya hifadhi. Kurasa sita, zote juu ya mlinzi mzee anayevua viatu mwisho wa safari, unyenyekevu wake, mapumziko yake, miguu yake mitupu juu ya jiwe baridi. Imeandikwa vizuri, nisimnyime haki yake. Imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuwavuka wale mbwa. Na kutoka kwenye makala hiyo ndiko alikotoa swali la kuwapima wengine: mlinzi anavua nini mwishoni?

Basi fikiria mambo yalivyokwenda. Asiyecheza kabisa anasoma makala namba moja, anajibu viatu, anapita kifua mbele. Aliyekesha na gemu mpaka akafika anajibu kwa unyofu kwamba havui kitu, anapigwa muhuri kwamba hajamaliza. Walioandika juu ya Lango la Saba na kukubaliwa ni themanini na wanne, na kila mmoja ameviona viatu. Mmoja ameandika kurasa nne juu ya kamba zake.

Nami nilikuwa najua. Nisijifanye malaika. Miaka tisa nimesimama mbele ya meza ya pasi nikicheka peke yangu, kila akinirudishia shati nacheka tena. Ilikuwa raha yangu, na sikutaka kuigawa.

Mwaka huu mwenzangu wa zamu pale dobi aliacha kazi na hakuletwa mwingine. Nikawa nafunga mimi, nafungua mimi. Jioni moja nikamkumbuka mzee na taa yake, nikaanza kuandika. Wiki tatu nimeandika, kurasa nane, juu ya mwisho ule jinsi ulivyo: mtu amefika na hakuna wa kumpokea. Sijawahi kuandika kitu kirefu namna ile, na nilitaka kisomwe, kiwe na namba yake, kiwe pale kwa jina langu. Ningeweza kujibu viatu nikapita kama wale themanini na wanne. Lakini gemu ile ndiyo kitu pekee nilichowahi kukimaliza bila kusaidiwa na mtu, na baada ya kukataliwa mara mbili nilikuwa nimebakiza jaribio moja tu. Kuingia nalo kwa uongo, tena uongo nilioutunga mwenyewe, sikuweza.

Jumatano nikaenda masjala. Nikachukua namba kama raia wengine, nikakaa kwenye benchi. Mbele yangu walirudishwa watu wanne, mmoja kwa sababu karatasi yake ilikunjwa mara tatu badala ya mbili. Zamu yangu ilipofika hakuinua kichwa, akauliza shida yangu ni nini.

"Nimeandikwa kwamba sijamaliza gemu," nikasema.

Hapo akainua kichwa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mambo ya nyumbani yasubiri nyumbani, watu wako kwenye foleni. Nikamwonyesha namba yangu. Yeye huheshimu namba kuliko watu, kwa hiyo ilimbidi anisikilize.

"Dada, swali umelikosa. Kanuni ni moja kwa wote."

"Mlinzi havui kitu."

"Anavua viatu."

"Nani kakwambia?"

Akanitazama kana kwamba naanza kuchanganyikiwa. "Si wewe?"

"Nilikudanganya. Siku ile ulikuwa umevaa viatu vyangu."

Akaichukua rula, akailaza sambamba na ukingo wa meza. Akaiondoa, akailaza tena. Mtu wa dirisha la pili akawa ananyoosha shingo. Nilikuwa nimeisubiri sura ile miaka tisa, na nilipoipata ilikuwa tamu kama nilivyodhani, kwa muda wa kumeza mate. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba aliowakataa kwa swali lile ni thelathini na mmoja. Anawakumbuka wote.

"Kuna mmoja alinitumia picha," akasema. "Picha ya kioo chenyewe. Mlinzi yuko langoni na viatu viko miguuni. Nikamjibu aache kunipotezea muda, hapo bado hajafika mwisho."

Thelathini na mmoja wale sikuwahi kuwafikiria. Niliwaacha kwenye ule ukurasa ili nimcheke yeye, na majina yao yako nje nje kama langu. Niliona aibu, na aibu ile ikanizidishia hasira, maana nayo nilitaka iwe yake. Yeye akanyoosha mkono kwenye kitufe cha foleni, akasema ningejibu viatu tu kama wengine ningekuwa nimeshapita, akaita namba inayofuata.

Ijumaa nilifungua hifadhi, nikakuta mstari mmoja: imefungwa kwa ukaguzi. Hakuna samahani. Ukurasa wa waliokataliwa ulikuwa palepale, nami niko ndani yake, hajamaliza gemu.

Jumamosi mchana akagonga mlango wangu. Amebeba mashine ya mjomba ndani ya boksi lililoandikwa orodha ya vilivyomo. Televisheni yake ni mpya, haina matundu ya zile nyaya tatu za rangi. Yangu ni ya zamani, inayo. Hakunisalimu. Akachomeka, akaketi sakafuni na kitambi chake, akaanza. Aliniambia jambo moja tu, kwamba hataifungua hifadhi wala kuigusa makala ya mtu yeyote mpaka aone mwisho kwa macho yake. Halafu akafia lango la kwanza.

Amekuja Jumamosi nne sasa. Mimi napiga pasi mezani, yeye anakufa sakafuni. Lango la kwanza alilivuka wiki ya pili, la pili wiki ya tatu. La tatu limemshinda. Mbwa ni walewale na vidole ni vilevile. Ananung'unika, anaweka rimoti chini, anafuta viganja kwenye suruali niliyoipiga pasi mimi, anaanza upya. Sikumwonea huruma. Pengine kidogo, Jumamosi ya tatu, alipokuwa amekaribia.

Jumamosi iliyopita mbwa walimkamata mara kumi na tisa. Nilihesabu. Mara ya ishirini hakubonyeza. Alinyoosha mkono wenye rimoti kuja kwangu, uso bado uko kwenye kioo.

"Dada, nivushe hapa. Unifikishe mwisho nione. Makala yako inaingia leo hii, na jina lako nalifuta kwenye ule ukurasa. Sitatazama hata pambizo."

Sijui kama mnaelewa nani alikuwa anayasema hayo. Mkono wangu uliachia pasi wenyewe. Niliitaka namba ile, naitaka hata sasa ninapoandika, na vidole vyangu bado vinakumbuka njia yote, mbwa wa kushoto kwanza, kisha ukuta. Kabla jua halijazama tungekuwa tumefika. Nikautazama mkono wake ulionyooshwa. Mkono uleule wa sakafu ya nyumbani, wakati ule unanipa rimoti huku mwingine umeshika kalamu.

"Kanuni ya kumi na moja," nikamwambia. "Kwa mkono wako mwenyewe."

Akabaki ameunyoosha kwa muda, kama hajasikia vizuri. Kisha akaurudisha, akabonyeza kuanza upya. Mbwa walimkamata palepale. Nikaishika tena pasi, nilikuwa na shati lake mezani.